Majimbo 18 ya Mtwara na Lindi: ubunge tuubashiri kwa hesabu, nyomi tuwaachie wapiga picha

Hesabu za Mikindani

Wakuu, salaam.

Mjadala wa nani atachukua jimbo gani Kusini huwa unaharibika mapema. Mmoja analeta picha ya nyomi la Mashujaa pale Mtwara, mwenzake anajibu na nyomi la Ilulu pale Lindi, basi, uzi umekufa. Nyomi halina kadi ya mpiga kura. Humo mna watoto wa shule, mna waliofuata muziki, mna walioandikishwa kata nyingine, na mna waliotoka kumsikiliza mpinzani jana yake. 2015 nchi nzima tulikesha na "mafuriko" ya watu mikutanoni, na tume ya uchaguzi ilipotangaza, Lowassa wa upinzani alikuwa na asilimia 39.97 na Magufuli wa CCM 58.46.

Napendekeza tuanze sasa kujenga jedwali la 2030, jimbo kwa jimbo. Tuna majimbo 18: Mtwara 10 (Mtwara Mjini, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Newala Mjini, Newala Vijijini, Tandahimba, Masasi, Ndanda, Lulindi, Nanyumbu) na Lindi 8 (Lindi Mjini, Mchinga, Mtama, Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Nachingwea, Ruangwa, Liwale). Mwaka 2025 tume iliongeza majimbo manane Bara, hakuna hata moja lililotoka kwetu, kwa hiyo mipaka ya jedwali ipo palepale mpaka itangazwe vingine.

Msingi wetu ni huu:

2010: upinzani ulipata viti viwili, vyote vya CUF na vyote Lindi. Kilwa Kusini alichukua Selemani Bungara, Lindi Mjini akachukua Salum Barwany.

2015: viti saba. CUF sita: Mtwara Mjini, Tandahimba, Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Liwale, Mchinga. Chadema kimoja: Ndanda. Lindi Mjini ikarudi CCM.

2020: kimoja tu, Mtwara Vijijini, Shamsia Mtamba wa CUF.

Ukisoma haraka utasema upinzani ulipanda kisha ukaporomoka. Ni kweli, ila hapo hujatabiri kitu, umesimulia. Swali la jedwali ni kwa nini kiti kilichobaki 2020 hakikuwa hata kimoja cha vile saba vya 2015. Mtu aliyetumia matokeo ya 2015 peke yake kubashiri 2020 angeweka upinzani Kilwa Kusini au Mtwara Mjini. Asingethubutu kuuweka Mtwara Vijijini, alikokuwa anagombea Hawa Ghasia, waziri wa zamani wa TAMISEMI.

Karibuni. Anayeleta picha ya mkutano aandike pia kata, idadi ya walioandikishwa katika kata hiyo, na matokeo ya udiwani ya mara ya mwisho.

Nangurukuru Stendi

Mkuu, unaanza vizuri halafu unatuwekea sharti kama la benki. Nyomi lina kazi yake. Chama kisichoweza kujaza uwanja wa kata hakitaweza kujaza vituo kwa mawakala.

Hesabu za Mikindani

Hilo la mawakala nakubali, na ndilo ninalotaka tulifikie. Lakini kujaza uwanja ni saa tatu na spika mbili. Kujaza vituo ni watu wenye barua, kiapo, chakula na nauli ya kurudi.

Mdau wa Ghala, Masasi

Rekebisho dogo kwa msingi wako. Usilinganishe 2010 na 2015 moja kwa moja kwa upande wa Mtwara, maana 2010 tulikuwa na majimbo saba tu. Ndanda ilikatwa kutoka Masasi, Nanyamba kutoka Mtwara Vijijini, Newala ikagawanywa mara mbili, yote 2015. Mtu akisema "Ndanda iligeuka kutoka CCM kwenda Chadema" anakosea, kwa sababu Ndanda yenyewe haikuwepo. Ukitaka msingi wa 2010 wa Ndanda lazima uchukue kura za kata zilizohamia huko, kata kwa kata, uzijumlishe upya.

Na Masasi 2015 haikupiga kura ya ubunge siku moja na wengine. Mgombea wa NLD, Dk. Emmanuel Makaidi, alifariki Oktoba 2015 siku chache kabla ya kura, uchaguzi ukasogezwa hadi Desemba. Uchaguzi wa namna hiyo hauna kura ya rais pembeni, mahudhurio hushuka, na nguvu ya chama chenye magari na watu wa kukaa jimboni huongezeka. Safu hiyo uipake rangi nyingine kabisa. Hali kadhalika uchaguzi mdogo wa Liwale wa Oktoba 2018.

Bi Kivinje

Liwale ya 2018 ndiyo inayotupa jibu la swali la mwenye uzi, kaka zangu, msiipake rangi mkaipita.

Wachukueni wale wabunge saba wa upinzani wa 2015 mmoja mmoja. Zuberi Kuchauka wa Liwale alihama CUF 2018, akagombea marudio kwa CCM, akarudi. Katani Katani wa Tandahimba alihama, 2020 akarudi kwa CCM. Cecil Mwambe wa Ndanda alihama Chadema, 2020 akarudi kwa CCM. Hao ni watatu "waliounga mkono juhudi", na wote watatu walikuwemo bungeni baada ya 2020. Wanne waliobaki upinzani, Bungara (Kilwa Kusini), Bobali (Mchinga), Ngombale (Kilwa Kaskazini) na Nachuma (Mtwara Mjini), hakuna aliyerudi.

Kwa hiyo jedwali lenye safu ya "chama" peke yake litakudanganya, na lenye safu ya "mtu" peke yake litakudanganya pia. Weka safu ya "mtu yupo chama gani siku ya uteuzi".

Chikongola Digital

Dada Bi Kivinje, hapo umeonesha kwamba kiti kilifuata chama dola, hujaonesha kwamba watu wa Liwale walimfuata Kuchauka. Hivyo ni vitu viwili. Wapo watakaokwambia ni goli la mkono, yaani ushindi wa hila.

Bi Kivinje

Sijasema walimfuata. Nimesema utabiri ungekuwa sahihi kama ungetumia kanuni hiyo. Kubashiri matokeo yatakayotangazwa ni kazi moja, na kubashiri watu watakavyopiga kura ni kazi nyingine. Mwenye uzi atuambie anafanya ipi, maana nusu ya ugomvi wa Kusini unatoka hapo: huyu anazungumzia karatasi iliyo ndani ya sanduku, yule anazungumzia karatasi iliyo mkononi mwa msimamizi.

Hesabu za Mikindani

Swali zuri kuliko yote hadi sasa. Tuweke safu mbili. Ya kwanza: "kura zikihesabiwa kama zilivyopigwa". Ya pili: "kitakachotangazwa". Tofauti ikizidi pointi kumi katika jimbo lolote, mtabiri aandike sababu kwa maneno, asijifiche nyuma ya namba.

Mtani wa Kimwera

Na 2025 mnaiweka wapi? Naona mnaizunguka kama mbwa na chungu cha moto.

Hesabu za Mikindani

Mimi naitoa kwenye msingi. Chadema haikuwepo kwenye karatasi kabisa, maana Aprili 2025 haikusaini kanuni za maadili na tume ikaifungia nje. Tume ilitangaza kura 32,678,844 kati ya walioandikishwa 37,655,559, yaani karibu asilimia 87. Miaka mitano nyuma mahudhurio yalikuwa asilimia 50.72. Siku ya kura intaneti ilizimwa. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika wote wakaandika kwamba uchaguzi haukufikia viwango. Namba ya namna hiyo ukiiweka kwenye wastani, inameza chaguzi zote zilizotangulia.

Mdau wa Ghala, Masasi

Usiitoe yote. Zitoe kura za wagombea, ila baki na vitu vitatu: idadi ya walioandikishwa kwa kila kata (daftari limeboreshwa kuanzia Julai 2024, ndilo jipya tulilonalo), idadi ya vituo, na majina ya waliokatwa kwenye kura za maoni za CCM (mchujo wa ndani wa wagombea) za Agosti 2025. Hivyo vitatu vitakuwa na kazi 2030 hata kama matokeo yenyewe huyataki.

Hesabu za Mikindani

Sawa, nimekubali. Nimebadilisha.

Wakala Namba Moja

Niingie kwenye mahudhurio, maana naona mnazitumia asilimia kama zimepimwa kwa mizani moja. Hazijapimwa hivyo.

2010 walioandikishwa walikuwa 20,137,303, wakapiga 8,626,303, sawa na asilimia 42.84. 2015 walioandikishwa 23,161,440, wakapiga 15,589,639, asilimia 67.31. Watu wanasema 2015 hamasa ilipanda kwa pointi 24. Ilipanda, ndiyo, maana kura zenyewe ziliongezeka kwa karibu milioni saba. Lakini sehemu ya kuruka huko ni daftari. La 2010 lilikuwa limebeba marehemu, waliohama na waliojiandikisha mara mbili. La 2015 liliandikwa upya kwa BVR, mashine za alama za vidole na picha. Ukigawanya kwa daftari chafu, asilimia inashuka hata kama watu ni walewale.

Kwa hiyo kwenye jedwali usiandike "mahudhurio 60%". Andika idadi ya kura unazotegemea kupigwa. Kata yenye watu 4,000 kwenye daftari, kura 2,300. Idadi ya kura haiharibiwi na daftari chafu.

Kigezo cha kuzuia ndoto: kwa sensa ya 2022 Mtwara ina watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Ukimaliza jedwali, jumlisha kura zote ulizozigawa. Ukikuta umezidisha watu wazima waliopo, umewabashiria mizimu.

Chikongola Digital

Hahaha, mizimu ya Kusini haina kitambulisho.

Mdau wa Ghala, Masasi

Sasa tuseme korosho, maana mtabiri wa Kusini asiyejua kalenda ya korosho anafaa kubashiri Kagera.

Uchaguzi wetu mkuu huangukia mwishoni mwa Oktoba: tarehe 31 mwaka 2010, 25 mwaka 2015, 28 mwaka 2020, 29 mwaka 2025. Korosho huanza kuokotwa kwa wingi na minada hufunguliwa Oktoba hiyohiyo. Maana yake siku ya kura mkulima wa Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi yuko katikati ya msimu. Madhara yake ni mawili na yanavutana.

La kwanza, watu wako mashambani. Familia nyingi huhamia shambani wakati wa kuokota, na kituo alichoandikishwa mtu kiko kijijini. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, na aliyekwisha kufika kwenye foleni saa kumi huhudumiwa. Mtu mwenye kilomita nane za mguu na korosho zimelala chini ya mti anapiga hesabu yake.

La pili, fedha. Kwa stakabadhi ghalani mkulima anapeleka korosho AMCOS (chama chake cha ushirika), zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, kisha malipo yanaingia benki. Kati ya kupima na kulipwa kuna siku, na zikichelewa ni wiki. Kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba wengi wameshasikia bei ya mnada wa kwanza ila hela hawajaishika. Wanapiga kura na bei iliyo masikioni. Mnada wa kwanza ukifungua vibaya siku kumi kabla ya kura, mgombea wa chama kinachotawala anaulizwa yeye kila kijiji, hata kama bei imeshushwa na mnunuzi wa Vietnam au India.

Nangurukuru Stendi

Nadharia tamu lakini 2020 inaikataa. 2018 tulikuwa na mgogoro mkubwa kuliko wowote: kwanza fedha za ushuru wa korosho za kuuza nje zikahamishiwa Mfuko Mkuu wa Hazina, wabunge wa Kusini wakapiga kelele bungeni. Halafu Novemba serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba, na malipo yakachelewa. Kama korosho inapiga kura, Tandahimba na Newala zingekwenda upinzani 2020. Hazikwenda. Iliyogeuka ni Mtwara Vijijini.

Mdau wa Ghala, Masasi

Hasira ya korosho haimpeleki mtu moja kwa moja chama kingine, mkuu. Mara nyingi inambakiza shambani. Ndiyo maana nasema iingie kwenye safu ya idadi ya kura, isiingie kwenye safu ya mgawanyo. Kwa Tandahimba vilevile mbunge wa upinzani wa 2015 alikuwa ameshahamia CCM, hasira ikakosa mlango wa kutokea. Aliyetaka kumwadhibu mbunge angempa kura chama gani, na aliyetaka kuiadhibu serikali angempa kura mtu gani?

Bi Kivinje

Pwani yetu ina kalenda nyingine, msiisahau. Wavuvi huenda dago, wanapiga kambi visiwani na kwenye fukwe mbali na walikoandikishwa, kwa kufuata upepo na bamvua. Kwa Kilwa na Mchinga angalia tarehe ya kura imeangukia bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo). Kura za wavuvi ni za vijana wa kiume zaidi, na pwani hao ndio waliokuwa mgongo wa CUF. Kambi ya watu 300 iliyo nje ya jimbo ni zaidi ya nusu ya kituo kimekosa wapiga kura, kwa kuwa 2020 kituo kilipangiwa wasiozidi 500.

Na kuna sura mpya ambayo watabiri wa mjini hawaioni. Lindi imetoka watu 864,652 mwaka 2012 hadi 1,194,028 mwaka 2022. Sehemu ya ongezeko hilo ni wafugaji na wakulima wa ufuta na mpunga waliohamia Kilwa, Liwale na Nachingwea kutoka kanda nyingine. Hawa hawana kumbukumbu ya CUF, hawana ukoo wa Kimachinga wala wa Kimwera, na hoja yao ni malisho, maji na mipaka ya kijiji. Kwenye kata zenye migogoro ya wakulima na wafugaji, mgombea anaweza kupata kura zote za upande mmoja akakosa zote za upande wa pili. Msingi wa 2015 kwa kata hizo hauna thamani.

Mtani wa Kimwera

Mbona hamjasema gesi? Mtwara 2013 iliwaka kwa ajili ya bomba, 2015 Mtwara Mjini ikaenda CUF. Hapo hakuna hesabu nyingine.

Hesabu za Mikindani

Gesi ilisaidia Mtwara Mjini 2015, sina ubishi. Ila jiulize: kisima kiko Mnazi Bay na mtambo uko Madimba, vyote Mtwara Vijijini. Hiyo 2015 ilibaki CCM. Ikageuka 2020, miaka mitano baada ya bomba kuanza kusafirisha gesi kwenda Dar es Salaam. Hasira ya kitu kinachojengwa huonekana mjini kwanza, kwenye vijana na bodaboda na nyumba za kupanga zilizojengwa kwa kutegemea wageni. Hasira ya kitu kilichokwisha kujengwa na hakijabadilisha zahanati ya kijiji huchelewa. Wanaobashiri Mchinga na Lindi Mjini kwa ajili ya mradi wa LNG (gesi iliyogeuzwa kimiminika) wa Likong'o walizingatie hilo: siku ya kusaini mkataba ni ya matumaini na humfaa aliyepo madarakani. Bili inakuja baadaye.

Chikongola Digital

Na "mtoto wa nyumbani"? Kusini tunapenda wetu.

Wakala Namba Moja

Tunapenda kusema tunapenda wetu. Marehemu Bernard Membe alikuwa mbunge wa Mtama miaka 15, waziri wa mambo ya nje, mtu wa Rondo. 2020 alisimama urais kwa ACT-Wazalendo, nchi nzima akapata kura 81,129. Kweli, chama chake chenyewe kiligawanyika na Maalim Seif akamnadi Lissu wa Chadema, lakini ungetegemea nyumbani pabaki. Mtoto wa nyumbani ana nguvu kwenye kura za maoni ndani ya chama. Kwenye karatasi ya mwisho nguvu hiyo ni ndogo kuliko tunavyojisifu.

Nangurukuru Stendi

Tuje kwenye kitu kinachonikera mimi: kuachiana majimbo. Kila mwaka wapinzani wanasema wakiungana Kusini yote yao. 2015 UKAWA, muungano wa CUF, Chadema na wenzao, wakapata saba. 2020 CUF ya Lipumba huku, ACT huku, Chadema kule, kwisha habari. Jumlisha tu kura zao.

Hesabu za Mikindani

Hapo ndipo watabiri wengi wanapozama. Kura hazijumlishwi kama magunia. Chukua jimbo la mfano, namba za kubuni. Kura halali 40,000. Chama A 18,000, chama B 13,600, chama C 8,400. B na C jumla ni 22,000, unasema wakiungana A ameanguka kwa 4,000.

Sasa C ajitoe. Tuseme asilimia 60 ya watu wake wanakwenda B, ni 5,040. Asilimia 15 wanakwenda A, ni 1,260. Waliobaki, 2,100, hawaendi kupiga kura. B anafika 18,640. A anafika 19,260. A ameshinda kwa 620 mbele ya muungano.

Pandisha wanaokwenda B hadi asilimia 65: B 19,060, bado hajashinda. Asilimia 70: B 19,480, ameshinda kwa 220. Kwa hiyo jimbo zima limetegemea kama wanachama saba kati ya kumi wa C watakubali kumpigia mtu wa B. Kwa Kusini, baada ya mgogoro wa CUF wa 2016 hadi 2019, watu wa CUF na wa ACT waliogawana ofisi na bendera, kupata saba kati ya kumi si jambo la kudhania. Mimi ningeanza na tano.

Bi Kivinje

Na usiwalaumu viongozi kwa ubinafsi peke yake, sheria inawasukuma. Viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge za nchi nzima, na chama lazima kifikishe angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge ndipo kiingie kwenye mgao. 2015 vilikuwa viti 113 na vyama vitatu tu vilifikisha: CCM, Chadema na CUF. Ruzuku nayo inafuata kura na viti. Kwa hiyo chama kikikuachia Lulindi ambako kingeshindwa huku kikipata kura 6,000, kimekutupia kura 6,000 za viti maalumu na ruzuku. Mbunge wa jimbo anaumia kwa mgawanyiko, makao makuu yanafaidika nao. Ukikuta muungano umetangazwa jukwaani, subiri siku ya uteuzi uone nani ameondoa fomu kweli.

Mdau wa Ghala, Masasi

Siku ya uteuzi ndiyo uchaguzi wa kwanza. Mgombea ubunge anahitaji chama, wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa jimboni, dhamana ya shilingi 50,000, na fomu isiyo na tundu. Tundu dogo, jina la mdhamini lisilofanana na daftari, namba ya kadi iliyokosewa, mhuri wa chama usiosomeka, anawekewa pingamizi na anatoka. Wenye uzoefu huchukua wadhamini 35 au 40, wanakagua kila kadi dhidi ya daftari, na fomu wanaijaza seti mbili. Wanaosubiri dakika ya mwisho hawapati muda wa kurekebisha.

2020 Ruangwa Majaliwa alipita bila kupingwa. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imeondoa njia hiyo, mgombea aliyebaki peke yake anapigiwa kura. Lakini kwa mtabiri jibu ni lilelile.

Kwa CCM, uchaguzi wa pili ni kura za maoni. Jimbo salama huanguka pale aliyeongoza akikatwa na wajumbe wake wakanuna. Wanakunja mikono. Angalia kama timu ya aliyekatwa imepewa kazi kwenye kampeni ya aliyeteuliwa. Haimo, punguza pointi tatu au nne.

Chikongola Digital

Vipi kuhusu kura ya maoni ya mtaani? Nikiuliza watu 400 Mtwara Mjini, si inatosha?

Hesabu za Mikindani

Inategemea umewaokota wapi. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wana kosa la takribani pointi 5 juu au chini kwa kila mgombea. Kwenye pengo kati ya wagombea wawili kosa hukaribia pointi 10. Kwa hiyo ukipata 48 kwa 43 usiseme anaongoza, sema hujui.

Na 400 wa sokoni na stendi si 400 wa jimbo. Gawa kwa kata kufuatana na daftari: Chikongola wapewe fungu lao, Naliendele lao, Mikindani lao, Ufukoni lao. Nusu wawe wanawake, na uwafuate nyumbani jioni, maana mchana utawakosa wa shamba na wa pwani. Swali la kwanza lisiwe "utampigia nani". Uliza kadi anayo, kituo chake kipi, 2015 na 2020 alipiga. Asiyejua kituo chake mwezi mmoja kabla, mhesabu nusu mtu. Mwishowe usimwandike jina, na usivae nguo ya rangi ya chama chochote. Kijani na njano zinabadilisha majibu kabla hujafungua mdomo.

Wakala Namba Moja

Nimalizie kipande changu, fomu. Safu ya pili ya mwenye uzi, "kitakachotangazwa", inaishi hapa.

Kwa kiwango cha 500 kwa kituo, jimbo lenye walioandikishwa 60,000 lina vituo visivyopungua 120, na kwa vijijini vinazidi kwa sababu vitongoji viko mbali. Chama kinachotaka kudai kimeshinda lazima kiwe na mtu katika kila kituo. Tuseme kila mmoja analipwa 20,000 ya chakula na usafiri: milioni 2.4, bila akiba. Ukisikia mgombea ametumia milioni tano kwenye spika na hajaandaa mawakala, unajua jedwali linasemaje.

Kura huhesabiwa kituoni, matokeo yanaandikwa kwenye fomu (ya ubunge tumeizoea kwa jina la 21B), mawakala wanasaini, wanapewa nakala, na nyingine inabandikwa. Kisha msimamizi wa uchaguzi anajumlisha vituo vyote. Makosa hutokea kwenye mishono hiyo. Wakala anasaini fomu kabla haijajazwa ili awahi gari. Tarakimu ya 87 inasomwa 187 kwenye kujumlisha. Kituo kinaingizwa mara mbili, kingine kinasahaulika.

Ukaguzi wa haraka ni huu: kura halali ukijumlisha na zilizoharibika lazima zilingane na karatasi zilizomo sandukuni. Karatasi zilizopokelewa ukitoa zilizobaki lazima zilingane na zilizotumika. Na zilizotumika haziwezi kuzidi majina ya kituo. Mstari mmoja ukikataa, piga picha, andika namba ya kituo, pinga palepale kwa maandishi. Kupinga kwa mdomo hakusafiri hadi mahakamani. Kesi ya ubunge hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30, na mdai anaweza kuwekewa dhamana ya gharama hadi milioni tano kwa kila mdaiwa. Asiye na nakala za fomu ataishia kulipa.

Kwa anayetaka kujua mshindi usiku uleule: chagua vituo 30 kwa bahati nasibu kabla ya siku ya kura, katika kata zote, usivibadilishe, na usikubali vya mjini vikutangulie. Vya mjini hufika saa mbili usiku, vya vijijini alfajiri. Kusini watu wengi wamesherehekea kwa vituo vya barabara ya lami wakaamka wameshindwa.

Nangurukuru Stendi

Haya, mkuu Hesabu, umeshakusanya. Tupe namba basi. Majimbo mangapi 2030?

Hesabu za Mikindani

Siwezi kutoa namba moja kwa uchaguzi ambao hatujui nani atakuwa kwenye karatasi. Natoa mbili kwa masharti.

Vyama vyote vikubwa vikiwepo, mawakala wakiwa vituoni, na upinzani ukiachiana angalau pwani: safu ya kwanza naweka viti vitano hadi nane kati ya 18. Ninaowapa uwezekano zaidi ya nusu ni Kilwa Kusini, Mtwara Mjini na Mtwara Vijijini. Kilwa Kaskazini, Mchinga, Tandahimba na Ndanda nusu kwa nusu. Liwale chini kidogo, kwa sababu aliyoitaja Bi Kivinje, kata mpya hazina msingi. Ruangwa, Mtama, Nanyumbu na Newala Mjini sigusi.

Mazingira yakiwa kama ya 2025: sifuri au moja, na sitahitaji jedwali.

Bi Kivinje

Lindi Mjini umeisahau, kaka. Iliwahi kwenda CUF 2010.

Hesabu za Mikindani

Sijaisahau, naiogopa. Ilikwenda 2010 wakati mahudhurio yalikuwa madogo, ikarudi CCM 2015 yalipokuwa makubwa, kinyume cha jirani yake Mchinga. Mwenye matokeo ya kata za Lindi Mjini ya 2010 na 2015, ya udiwani na ya ubunge bega kwa bega, ayaweke hapa kabla sijaandika kitu kwenye safu hiyo.

Mtani wa Kimwera

Ya udiwani ya 2015 ninayo, kata kwa kata. Nitayachapa kesho, fomu mbili zimefifia, hizo nitaziandika kwa alama ya kuuliza.